Mstari Usio na Nafasi

Chumba cha Kompyuta, Hospitali
3 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mama ameniambia kwamba siku hizi ukipigiwa simu unajibu maswali ambayo hukuulizwa, kwa hiyo nimeona nirudi kwenye karatasi. Dereva wa gari la dawa anapita kwenu kila Jumatatu na Alhamisi, na amekubali kuwa tarishi wetu.

Habari ni kwamba ile kompyuta ya maabara imekufa. Ile yako, uliyoiacha ukistaafu. Asubuhi iliwaka, ikanguruma, ikatoa harufu ya plastiki inayoungua, basi. Hospitali imenunua mpya, na ile programu yako ya majibu ya damu lazima ihamie humo. Kwenye kikao Katibu wa hospitali aliuliza nani ataiweza kazi hiyo, na kabla hajafunga mdomo mimi nilikuwa nimeshanyoosha mkono. Unanijua. Hukuniita Kiherehere bure.

Basi nikanakili mafaili yako yote, nikaipa kompaila iyasome na kuyageuza kuwa programu ya mashine mpya. Mjomba, imenirudishia makosa mia mbili na kumi na nne. Nimekuwekea kurasa tatu za mwanzo ucheke. Karibu yote ni wimbo mmoja: umeita kitu hiki bila kukitambulisha, umeita kile bila kukitambulisha. Programu imefanya kazi miaka ishirini na sita bila mtu kulalamika, na leo inasomwa kama imeandikwa na mlevi. Samahani, lakini ndivyo inavyoonekana.

Nimewaahidi itakuwa tayari Ijumaa ya tarehe 14, maana Mganga Mkuu analeta wageni kuiona maabara. Nifanyeje?

Mpwa wako,
Kiherehere


Nyumbani
7 Machi

Kwa Kiherehere,

Marahaba. Masikio yamekwenda zake, lakini macho bado ninayo, na nimezisoma kurasa zako zote tatu. Sikucheka sana.

Aliyeandika hakuwa mlevi. Lugha ya C, niliyoitumia kuandikia programu, ina kanuni zake, na kanuni hizo watu huzikalia kikao na kuzibadilisha kila baada ya miaka kadhaa. Mimi niliandika kwa kanuni za mwaka themanini na tisa. Enzi hizo uliweza kukiita kipande cha programu kwa jina lake hata kama hujakitambulisha mahali popote. Kompaila ilikisia yenyewe kwamba kitakurudishia namba nzima, ikaendelea na safari. Siku hizi haikisii. Inataka kila kipande kitambulishwe juu ya faili, kinaitwaje, kinapokea nini, kinarudisha nini, kama mgeni anavyotambulishwa kabla ya kukaribishwa ndani.

Una njia mbili. Ya mkato ni kuiambia kompaila ihukumu kwa kanuni za zamani. Ni neno moja tu unaliongeza kwenye amri, na makosa yote yanayeyuka. Siipendi njia hiyo. Programu yangu si mgonjwa wa kubebwa kwenye machela. Tambulisha vipande vyote, kimoja kimoja, isimame kwa miguu yake kwa kanuni za leo.

Halafu kuna jambo ambalo si la mzaha. Kwenye kabati la maabara, rafu ya chini, kuna daftari la buluu. Humo mna vipimo thelathini: kushoto namba za kuingiza, kulia jibu lililo sahihi. Tuliviandaa mimi na Mama Darubini wa maabara kwa siku kumi na moja, yeye akisoma kwenye mashine ya kupimia damu, mimi nikikokotoa kwa kalamu. Huyo mama hajapata kunisomea namba vibaya hata mara moja, na nilimtegea mitego. Kompaila ikinyamaza usidhani kazi imekwisha. Imenyamaza tu. Pitisha vyote thelathini kabla mgonjwa yeyote hajapewa karatasi.

Msalimie Mama Darubini. Mwambie bado namdai kalamu yangu.

Mjomba wako


Chumba cha Kompyuta
17 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, na pokea pongezi zako.

Nimeyamaliza. Yote mia mbili na kumi na nne, kwa kanuni mpya kama ulivyotaka, bila njia ya mkato. Nimetambulisha vipande mpaka ndotoni nikawa natambulisha watu. Ijumaa saa sita mchana niliipa kompaila kwa mara ya mwisho na haikusema neno. Saa saba wageni wakaingia. Mganga Mkuu alinisimamisha mbele yao, wakanipigia makofi, na mmoja akaniuliza nilisoma chuo gani. Nikamwambia nimesoma kwa mjomba wangu, mezani, kwenye kompyuta iliyokosa herufi K.

Vile vipimo thelathini nimevipitisha vyote, vimetoka sawasawa.

Katibu ameniandikia barua ya shukrani. Nimemtumia mama nakala, na wewe hii hapa nyingine. Mama Darubini anakusalimu na anasema kalamu ni yake, jina lake alilichonga kwenye kifuniko.

Mpwa wako,
Kiherehere


Nyumbani
22 Machi

Kiherehere wangu,

Ile nakala nimeibandika ukutani, na kila anayeingia namgeuza shingo aisome. Fundi aliyekuja kuziba bomba ameisoma mara mbili, ingawa nadhani mara ya pili alikuwa akinihurumia. Sina mtoto, unalijua hilo. Nilipoondoka hospitali niliamini programu ile itazikwa pamoja na mashine yake, na kazi yangu yote humo ndani. Wewe umeitoa. Naandika hivi kwa sababu mdomoni singeweza.

Swali moja la mzee asiye na kazi. Kipimo cha ishirini na tatu kilinisumbua sana wakati ule. Ndicho cha kwanza kati ya vile vya sampuli zilizosomwa mara mbili, na jibu lake liliangukia katikati, 5.45. Kompyuta ya zamani iliandika 5.5, nami siku zote nilidhani ilipaswa kuwa 5.4. Mpya yako imeandika ipi?

Mjomba wako


Chumba cha Kompyuta
2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, wiki hii hapa hapakaliki.

Ijumaa iliyopita kuna mtoto wa miaka saba, mgonjwa wa kisukari, alipimwa damu. Karatasi ilitoka kwenye printa ya wodini ikisema 10.6. Daktari akaagiza insulini, na jioni mtoto akazimia. Sukari yake haikuwa juu hata kidogo. Walimuwahi, anaongea, anakula, lakini kwa saa tatu mama yake alikaa kwenye sakafu ya ukumbi na hakuna aliyeweza kumwinua.

Wanasema ni Mama Darubini. Yeye ndiye aliyesoma mashine na kuingiza namba. Anashikilia kwamba alisoma 5.2, hakuridhika, akarudia akapata 5.4, akaingiza zote mbili. Lakini mashine ya kupimia haihifadhi visomo, na karatasi inasema 10.6. Wamemsimamisha kazi mpaka kamati ikae tarehe 9. Amebakiza miezi minane astaafu. Watu kwenye korido wanasema ni macho, umri umekwenda. Mimi sijasema kitu, maana sikuwepo.

Cha ishirini na tatu sikikumbuki vizuri, na daftari limefungiwa kabatini kwa sababu ya uchunguzi. Nitakuangalizia.

Hivi, Mjomba, inawezekana programu ikawa na kosa na kompaila isiseme chochote? Nauliza kwa kujifunza tu.

Mpwa wako


Nyumbani
4 Aprili

Mpwa wangu,

Jumlisha 5.2 na 5.4 uone unapata ngapi. Mimi nimejumlisha kwa kalamu, mara tatu.

Sampuli ikisomwa mara mbili, programu hujumlisha visomo na kugawa kwa mbili. Huyo mtoto hakugawiwa. Mama Darubini alisoma vizuri.

Sasa naomba nikuulize kwa maandishi, na unijibu kwa maandishi. Ulivipitisha vile vipimo?

Mjomba wako


Nyumbani kwa Mama
11 Aprili

Mjomba,

Sikuvipitisha.

Nilipitisha viwili vya kwanza Ijumaa ile saa sita na nusu. Vilitoka sawa, na mlangoni nikasikia viatu vya wageni, nikafunga daftari. Nikajiambia nitavimalizia Jumatatu. Jumatatu nikakuandikia wewe kwanza, na nilipofika kwenye sentensi ile mkono ukaandika vyote. Kuandika viwili kungeharibu barua. Hiyo ndiyo sababu yangu yote, sina nyingine. Sikupata nafasi, ndivyo nilivyokuwa nimejiandaa kukwambia kama ungeniuliza.

Barua yako ilifika Jumatatu asubuhi. Nikaomba ufunguo wa kabati, nikajifungia ndani na daftari. Vya kwanza ishirini na viwili ni sahihi. Kuanzia cha ishirini na tatu, vyote vinatoka mara mbili ya jibu lake. Mstari wenyewe ni huu, kama ulivyouandika:

kipimo=jumla//*visomo viwili*/2
+sahihisho;

Nimeutazama mpaka nikauchukia. Kwa kanuni zako, alama ya kwanza ya mshazari ni ya kugawa, ya pili pamoja na nyota zinafungua maelezo yako, maelezo yanafungwa, inabaki 2. Jumla gawa kwa mbili. Kwa kanuni mpya, mishazari miwili ikigusana, kila kinachofuata kwenye mstari huo ni maelezo tu, hakisomwi. Kugawa kukapotea, na 2 ikapotea. Kilichobaki, jumla na lile sahihisho ambalo kwetu ni sifuri, ni sentensi kamili, kwa hiyo kompaila haikuona cha kulalamikia. Ungeacha nafasi moja tu katikati ya ile mishazari, ingesomeka vilevile zamani na leo.

Nimepekua majibu yote ya tangu tarehe 14. Waliosomwa mara mbili ni wanne. Watatu madaktari hawakuamini namba, wakapima upya. Wa nne ni yule mtoto.

Bado sijafika pabaya. Pabaya ni hapa. Jumatatu hiyohiyo niliiweka ile nafasi. Niligusa kitufe mara moja, nikaipa kompaila, nikairudisha programu kazini, na sikumwambia mtu. Nilijiambia kwanza wagonjwa wasidhurike, mengine baadaye. Jumatano kamati ikakaa, na Mama Darubini akawaomba kitu kimoja tu, waende kwenye kompyuta waingize 5.2 na 5.4 waone wenyewe. Wakaenda. Wakaniita mimi niingize. Nikaingiza mbele yake, na skrini ikaandika 5.3.

Alinitazama, akatazama skrini, akavua miwani akaifuta, akatazama tena. Kisha akawaambia, "Basi ni mimi." Wakampa karatasi ya kukiri kosa, akasaini.

Tangu Jumatano sijaenda kazini. Mama anadhani nina homa.

Sijui nisaini jina gani


Nyumbani
15 Aprili

Mpwa wangu,

Mstari ule ni wangu. Nilikuwa mtu wa kujivuna kwa kubana maandishi. Wenzangu walinitania kwamba nalipia hewa, naogopa kuacha nafasi kati ya herufi na herufi, nami nikaliona tusi hilo kama sifa. Halafu kuna lingine. Njia ya mkato niliyokukataza, ile ya kanuni za zamani, ingeusoma mstari ule sawasawa. Nilikukataza kwa maringo, nikitaka programu ya mzee isifiwe kwa sheria za vijana. Kwa hiyo fanya hivi. Waambie ni mimi. Waambie uliikuta hivyo, hukujua. Mimi sina kazi ya kufukuzwa wala cheo cha kuvuliwa, na masikio yangu hayatasikia watakayosema. Wewe una miaka thelathini ya kazi mbele yako.

Niliacha kalamu hapo nikaenda kuchota maji. Nimerudi, nimesoma nilichoandika, na nimeona haya. Sikifuti. Soma ujue kwamba hata mimi, katika umri huu, wazo la kwanza lililonijia ni la kuficha.

Mstari ni wangu. Lakini sentensi ya "nimevipitisha vyote" ni yako, na kile kidole cha Jumatatu ni chako. Ukinibebesha vyote, Mama Darubini atarudishwa kazini, hilo kweli, lakini atakuwa amerudishwa kwa uongo mwingine, na atasalimiana nawe kila asubuhi bila kujua anamsalimia nani.

Nimemwandikia Mganga Mkuu kuhusu mstari wangu, na nimeeleza kila alama. Wewe sikukutaja. Barua itakuwa mezani kwake Alhamisi. Ukitaka kuingia kabla ya barua au baada yake, hiyo ni juu yako.

Ile nakala bado iko ukutani. Nilishika ukingo wake niibandue, nikashindwa.

Mjomba wako


Nyumbani kwa Mama
21 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Niliingia Alhamisi saa mbili asubuhi. Dereva alikuwa bado anateremsha maboksi, na barua zako, yangu na ya Mganga Mkuu, zilikuwa bado kwenye mfuko wake wa shati.

Nilikuwa nimejiandikia maneno kwenye karatasi, nikafika nikasahau kuitoa. Niliwaambia kuhusu daftari, vipimo viwili, barua niliyokuandikia, na Jumatatu. Mganga Mkuu hakupandisha sauti. Katibu ndiye aliyeuliza, "Siku ile unaingiza zile namba mbele ya mama wa watu, ulikuwa unajua?" Nikasema nilikuwa najua. Katibu akageuza kiti chake kidogo, akawa ananiangalia kwa ubavu, na nadhani ataniangalia hivyo siku zote.

Wamenitoa chumba cha kompyuta. Kama nitabaki hospitali au la, wataamua mwisho wa mwezi. Mama Darubini wamemfutia makosa siku hiyohiyo, na nikaambiwa nimwandikie mimi mwenyewe. Nimemwandikia kurasa nne, nikazichana, nikamwandikia moja. Hajajibu.

Mama sasa anajua kwamba haikuwa homa. Ananipikia, ananiita nije kula, na hatuongei mezani.

Mstari wako siudharau, Mjomba. Niliudharau mwezi mmoja uliopita, nilipodhani nimekwisha kuuelewa.

Mpwa wako


Nyumbani kwangu
28 Aprili

Binti,

Barua yako nimeipata. Sikujibu mapema kwa sababu kila nilipoanza nilikuwa natukana.

Wamenirudisha kazini, asante hiyo nimewapa wao. Nataka ujue yaliyokuwa hapa nyumbani kati ya ile Jumatano na siku uliyosema. Nilikwenda kupima macho. Daktari akasema hayana shida, nikamwambia apime tena. Nikawa nikisoma tarehe kwenye kopo la maziwa namwita mjukuu wangu aje aisome, kuona kama tumepata sawa. Miaka thelathini na moja nimesoma namba za watu. Skrini yako ilipoandika 5.3 niliamini kwamba kichwa changu kimeanza kuondoka, na nikaanza kupanga nani atakuwa ananisindikiza njiani. Nilikuwa nimekwisha kumwandikia dada yangu. Hayo siwezi kukusamehe kwa sasa. Labda baadaye, usiniharakishe.

Lakini siyo sababu ya barua hii.

Jumamosi ya tarehe 12 nilikwenda nyumbani kwa mama wa yule mtoto. Hakuna aliyenituma. Nilimwambia ni mimi niliyesoma vibaya, na nikapiga magoti pale kwenye mkeka wake. Mtoto alikuwa anachezea vizibo vya chupa mlangoni. Kisha yule mama akaniinua kwa mikono yake miwili akaniambia, "Nimekusamehe, mama yangu. Sitalitaja tena jambo hili." Alilia, nami nikalia. Usiku ule nililala.

Sasa nimeshika kitu cha watu. Msamaha ule haukuwa wangu, niliupokea mahali pa mtu mwingine, na siwezi kuukunja nikuwekee kwenye bahasha.

Jumamosi hii nitarudi kwake. Saa nne asubuhi nitakuwa kwenye geti la hospitali, na utakuja tuende wote. Ni mbali, tutatembea. Nitaingia kwanza nimweleze, halafu nitatoka nje nikae na mtoto, nawe uingie uombe msamaha wa kwako. Sijui kama atakuwa amebakiwa na mwingine.

Mama Darubini